Tangi la samaki halifai kwa fereti

Umeuliza kama tangi la samaki linafaa kufugia fereti wawili, wale wanyama wadogo walao nyama wanaofugwa nyumbani. Hapana, tangi la kioo haliwafai, hata liwe kubwa vipi. Hewa haizunguki, joto linajaa ndani, na mnyama huyu havumilii joto kabisa. Likipita nyuzi 27 hivi anaanza kuwa hatarini. Nunua kizimba cha waya chenye ghorofa mbili au tatu, na upime nafasi kati ya waya: isizidi sentimita 2.5. Kichwa kikishapenya, mwili wote unafuata, maana ni mwembamba kama wa kicheche, jamaa yake. Wangu nawafuga hapa Uingereza, na usiku wa kwanza jike alitoroka kwenye kizimba cha sungura. Asubuhi tukamkuta nyuma ya friji, kajaa vumbi. Sakafu iwe bapa, kwani ya waya inaumiza nyayo. Tandika blanketi kuukuu, si maranda ya mwerezi, yanadhuru mapafu. Komeo liwe imara, wanajua kufungua.

Ila hata kizimba kizuri ni cha kulala tu. Wafungulie angalau saa 4 kila siku, ukiwa karibu.