Ngozi ya titi imebadilika: je, ni kansa?

*Shikamoo daktari. Nina miaka 36. Wiki iliyopita niliona kitu kama kamba chini ya ngozi ya titi la kushoto, kimeshuka hadi karibu na tumbo. Kinauma, na nikiinua mkono ngozi inabonyea kama mfereji. Silali.*

Marahaba. Hiyo kamba inafanana sana na ugonjwa wa Mondor, uliopewa jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa, Henri Mondor, aliyeueleza mwaka 1939. Damu huganda ndani ya mshipa mdogo wa juu juu, mshipa ukakakamaa kama kamba ya kuanikia nguo. Huletwa na sidiria inayobana, kugongwa, upasuaji au kazi nzito ya mikono. Mara nyingine hatuoni chanzo. Kitambaa cha maji ya moto na dawa ya maumivu hutosha, na kwa kawaida hutoweka ndani ya wiki 4 hadi 8. Usikubali kukandwa. Hata hivyo upimwe titi zima kwa ultrasaundi, kwa sababu mara chache sana kansa huwa imejificha nyuma ya mshipa huo.

*Chuchu yangu moja inawasha na kutoa magamba, mwezi wa tatu sasa. Duka la dawa wamenipa tyubu ya tatu ya krimu.*

Tyubu ya tatu! Nimekasirika, ila si na wewe. Ukurutu hupenda kushika matiti yote mawili na kuanzia kwenye weusi unaozunguka chuchu. Ugonjwa wa Paget, ambao ni kansa, kwa kawaida hushika upande mmoja na kuanzia kwenye chuchu yenyewe. Halafu kuna adenoma ya chuchu, uvimbe usio kansa, nayo huchubuka na kutoa damu vilevile. Kwa macho siwezi kuzitofautisha. Krimu nayo hudanganya: wekundu hupungua kidogo hata kwenye Paget, ukadhani unapona. Kinachoamua ni ganzi, kinyama kidogo kikatwe, kiwekwe chini ya hadubini. Nenda wiki hii.

*Chuchu zangu zote mbili zimekuwa nyeusi zaidi na ngumu, zina vijinundu kama magome ya mti. Haziumi.*

Pande zote mbili, bila kidonda, bila uvimbe: huenda ni ngozi iliyozidi unene tu, haina madhara. Daktari wa ngozi azione walau mara moja tu, bila haraka. Ingekuwa upande mmoja ningekuharakisha.

*Mke wangu aliacha kunyonyesha mwaka jana. Titi limevimba, ngozi kama ganda la chungwa, usaha unatoka kwenye matundu mawili. Amepasuliwa jipu mara mbili. Mama yangu anasema ni husda.*

Jipu la kawaida likishakamuliwa na kupewa dawa hupona. Linalorudi mara mbili si la kupasuliwa mara ya tatu kabla ya kuchukua kinyama. Kuna mastaitisi ya granuloma, yaani uvimbe wa titi usio kansa, inayowapata zaidi wanawake miaka michache baada ya kuzaa na kunyonyesha. Kuna TB ya titi. Na kuna kansa inayovimbisha titi zima. Zote tatu huweza kuleta hilo ganda la chungwa. Kubahatisha ni hatari: steroidi, dawa za kutuliza uvimbe zinazosaidia granuloma, huichochea TB. Omba kinyama, pamoja na kipande cha ngozi, kipimwe vyote viwili, kansa na TB. Na mama mje naye, akae na mtoto mkisubiri zamu.