Anko wa Rimoti: Flashi imeruka epsodi, niendelee au nirudishe?

*Anko mambo vipi, mi niko Mbagala Rangi Tatu. Jumamosi nimeenda kujaza sizoni za upelelezi na mauzauza kwa jamaa wa mtaani, kanijazia The X-Files na Dark kwenye flashi moja, nafika home naona epsodi zimeruka. X-Files ya kwanza ipo, ya pili hamna, ya tatu ipo, alafu inarukia ya nane. Dark ndo balaa kabisa, katikati zimepotea tano. Nikadai hela yangu au niangalie hivohivo?*

Poa kaka. Mrudie, ila kwa ajili ya Dark tu, X-Files kaa nayo.

Iko hivi, X-Files ilianza Marekani Septemba 1993 ikaenda mpaka 2002, ikarudi tena 2016 na 2018, jumla sizoni 11 na epsodi zaidi ya 200, sasa humo ndani ni kama kuna tamthilia mbili zimeshonwa pamoja. Kuna zile za leo zinaishia leo, yani Mulder na Scully, wapelelezi wa FBI, wanapewa kesi haieleweki, Mulder anaamini kila kitu, Scully ni daktari anataka ushahidi, wanabishana wee mpaka kiumbe anapatikana, kesho kesi nyingine. Hiyo ya tatu uliyonayo ndo ya Tooms, jamaa anajikunja kama kamba anapita kwenye matundu ya hewa, anakula maini ya watu halafu analala miaka 30. We iangalie leo usiku hata kama hujui Mulder ni mtu gani. Ya nane nayo ni watu wamefungiwa kwenye barafu Alaska na kuna mdudu anaingia mwilini, kila mtu anamuogopa mwenzie, mi naiona ni kati ya bora za sizoni nzima na haikudai chochote cha nyuma.

Upande wa pili ni ule uzi mrefu, mdogo wake Mulder wa kike alichukuliwa utotoni, serikali inaficha, kuna mabwana wa suti wanavuta sigara gizani. Epsodi ya pili uliyokosa ni ya huo uzi. Utapungukiwa? Kidogo, lakini kusema ukweli ule uzi ulikuja kujifunga mafundo miaka ya mbele mpaka nahisi waandishi wenyewe walikuwa wanatafuta ncha, kwa hiyo usilie sana.

Dark sasa ni kitu kingine. Ni ya Wajerumani, 2017 mpaka 2020, sizoni 3 epsodi 26 tu, mji mdogo unaitwa Winden, mtoto anapotea, familia nne zinajuana na kufichana, alafu muda unajizungusha kila miaka 33. Ukiruka moja tu humjui tena nani ni nani wa nani, sembuse tano. Mi niliangalia na daftari pembeni nachora ukoo kama wazee wamekaa kugawa mirathi, na bado shemeji yangu alinikuta nimekosea. Mwambie jamaa akujazie zote, hela ulitoa ya sizoni nzima.

Siku nyingine kabla hujalipa mwombe afungue epsodi yoyote ya katikati, peleka dakika tano za mwisho. Kama kesi imefungwa na wapelelezi wanapanda gari wanaondoka zao hiyo hata ikiruka inaliwa, ila kama inaishia mtu kafungua mlango kashtuka, skrini ikawa nyeusi, hesabu epsodi moja moja palepale kaunta.

*Habari anko, mimi ni mama wa Tabata. Nimeanza Twin Peaks, niko epsodi ya tatu, mume wangu mdomo hauna mlango kanitajia aliyemuua Laura Palmer. Nimesusa hata kumpakulia. Niache tu?*

Pole dada, mpakulie kwanza. Hata waliotengeneza hawakutaka ujue. David Lynch na Mark Frost walianza nayo Aprili 1990 wakitaka lile swali libaki linaning'inia, wenye televisheni wakabana jibu litoke, likatoka Novemba mwaka huohuo katikati ya sizoni ya pili, watazamaji wakaanza kuondoka na 1991 ikafutwa. Ilikuja kurudi 2017. Kwa hiyo kilichokuwa kinawaweka watu ni kile kimji, misitu, kahawa na vile vindoto vya chumba chekundu, na hivyo shemeji hajavitaja maana havitajiki. Endelea. Ukimaliza tafuta Columbo, pale muuaji unaonyeshwa mwanzoni kabisa na utamu ni kumuangalia yule mpelelezi wa koti chakavu anavyoaga, anafika mlangoni, anageuka na kaswali kamoja. Hapo mumeo hana cha kuharibu.

*Shikamoo anko. Mwanangu wa miaka 9 kaangalia Supernatural na mabinamu zake Temeke, sasa haendi chooni usiku peke yake.*

Marahaba. Epsodi ya kwanza tu ya 2005 ni mwanamke wa gauni jeupe anaomba lifti barabarani usiku, na sisi tuna ya kwetu, dada mzuri barabarani ukimwangalia miguu ni kwato, kwa hiyo mtoto kaona kitu ambacho bibi alishamsimulia, lazima kiingie. Usimwambie ni uongo hatakuamini. Mwambie vile Sam na Dean, wale ndugu wawili wanaowinda mizimu humo, wanavyofanya, chumvi mlangoni mzimu haupiti, mpe kachumvi kake aweke mwenyewe kwenye kizingiti. Mchana muwekee Scooby-Doo, ile ya zamani ya 1969, kila zimwi wakilivua kinyago wanakuta ni mtu tu na tamaa zake. Na taa ya korido iache iwake, luku haiishi kwa taa moja.