Majibu kwa Wasomaji: Zabuni za Serikali Hutolewaje?

SWALI: Mimi ni seremala, naishi Mafinga. Halmashauri moja ilitangaza zabuni ya madawati ya shule za msingi, nikaomba kwa bei ambayo baadaye nilithibitisha kuwa ilikuwa ya chini kuliko za wenzangu wote. Hata hivyo kazi akapewa mwingine, na notisi niliyoipata inasema tu kwamba sikukidhi vigezo. Je, ni kweli kwamba bila kumjua mtu ndani huwezi kupata kazi ya Serikali?

JIBU: Bei ya chini peke yake haimpi mtu zabuni, na jambo hili linawaumiza mafundi wengi kwa sababu hawaambiwi mapema. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, inaendeleza utaratibu wa tangu zamani ambao zabuni hupita katika chujio kadhaa kabla bei haijaangaliwa. Kwanza kamati ya tathmini huangalia kama nyaraka za lazima zimo, yaani leseni ya biashara, uthibitisho wa kulipa kodi, hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini, na tamko la dhamana ya zabuni (ahadi ya maandishi kwamba hutajitoa) pale linapotakiwa. Kisha huangalia kama kile unachotaka kuuza ndicho kilichoombwa. Nyaraka zikitaka dawati lenye fremu ya bomba la chuma la milimita 1.5 na mbao iliyokaushwa, nawe ukaandika "bomba imara na mbao nzuri", kamati haina ruhusa ya kukukisia, hata kama karakana yako inajulikana wilaya nzima kwa kazi safi. Wanaobaki baada ya hapo ndio hulinganishwa kwa bei, na yule anayeongoza huhakikiwa tena kama kweli ana uwezo wa kuifanya kazi.

Uhakiki huo wa mwisho si urasimu mtupu. Mwaka 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ililieleza Taifa kwamba kampuni ya Richmond, iliyopewa zabuni ya umeme wa dharura mwaka 2006 wakati wa ukame, haikuwa na uwezo wa kazi hiyo, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Haraka ilikuwa imetumika kama sababu ya kuruka maswali ambayo mtu yeyote makini angeyauliza.

Sasa nije kwenye la kumjua mtu. Sheria imegawa madaraka makusudi ili asiwepo mtu mmoja wa kumjua. Idara tumizi ndiyo inayosema inahitaji nini, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi huandaa nyaraka, kamati ya tathmini hupima, Bodi ya Zabuni huidhinisha au hurudisha, na afisa masuuli, ambaye kwa halmashauri ni mkurugenzi, ndiye anayesaini mkataba. Kila mmoja anatakiwa kufanya kazi yake bila kuingiliwa na mwingine. Je, mgawanyo huu hauvunjwi? Huvunjwa, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikionyesha hivyo. Lakini njama ya aina hiyo inahitaji watu kadhaa wakubaliane, tena siku hizi inaacha alama katika NeST, mfumo wa kielektroniki ambao zabuni za umma hupitia humo kuanzia tangazo hadi tuzo, yaani kumpa mshindi kazi. Ukiombwa chochote nje ya mfumo huo, piga simu TAKUKURU kwa namba 113 bila kulipia.

Jambo ambalo napenda ulishike zaidi ya yote ni notisi uliyoipokea. Hiyo inaitwa notisi ya kusudio la kutoa tuzo, na hutolewa kabla mkataba haujasainiwa kwa sababu moja tu, kwamba aliyeshindwa apate nafasi ya kulalamika wakati bado inawezekana kurekebisha. Inatakiwa itaje mshindi, bei yake na sababu zilizokuangusha wewe. "Hakukidhi vigezo" si sababu, maana haikuambii ni kigezo kipi. Unayo haki ya kumwandikia afisa masuuli kudai ufafanuzi na kuwasilisha malalamiko, na usiporidhika na jibu lake unakwenda Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma, ambayo ni chombo tofauti na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Muda wa kufanya hivyo ni siku chache za kazi, nazo huanza kuhesabiwa mara tu unapopata notisi. Wengi huzitumia siku hizo kulalamika kijiweni na kwenye simu, na wanapokuja kuandika, mkataba umeshasainiwa.

Kwa zabuni ijayo, pitia mpango wa ununuzi wa mwaka wa taasisi unayoilenga mara mwaka wa fedha unapoanza mwezi Julai, ujue mapema watahitaji nini. Palipo na neno usilolielewa katika nyaraka, uliza kwa maandishi kabla muda haujafungwa. Jibu hupelekwa kwa wazabuni wote, na jina la aliyeuliza halitajwi.

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama, Bagamoyo, kinatengeneza sabuni za maji. Tumesikia Serikali imetutengea asilimia 30 ya ununuzi. Tunaipataje, na tutalipwa lini?

JIBU: Ni kweli, kila taasisi nunuzi inatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Haimaanishi kwamba mtaletewa fedha. Mnashindana na vikundi vingine kama ninyi, badala ya kushindana na wafanyabiashara wakubwa. Sajilini kikundi halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii, kisha mjisajili NeST kama kundi maalumu.

Kuhusu malipo, nawaambia wazi kwamba hapa ndipo penye udhaifu mkubwa. Serikali hulipa baada ya kupokea mzigo, na malipo yakichelewa miezi kadhaa, kampuni kubwa huvumilia lakini kikundi chenye mtaji wa madumu ishirini hufa. Kwa maoni yangu, kutenga asilimia 30 bila kulipa kwa wakati ni kumwita mtu mezani na kumnyima kijiko. Jilindeni kwa kutopeleka hata dumu moja kwa agizo la mdomo, hata likitoka kwa ofisa mnayemheshimu. Subirini oda ya maandishi, na siku ya kupeleka mzigo hakikisheni kamati ya ukaguzi na mapokezi imehesabu, imekagua na imesaini, kisha mbaki na nakala yenu. Bila karatasi hiyo mhasibu hana pa kuanzia. Kama mtaji ni mdogo, ulizeni kuhusu mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo nne kati yake ni za wanawake.

SWALI: Shuleni kwetu madarasa yanajengwa na mafundi wa kijijini, hakuna mkandarasi. Je, ni halali?

JIBU: Ni halali, na utaratibu huo unaitwa fosi akaunti. Ndio uliotumika sana kujenga madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021. Taasisi hununua vifaa yenyewe na kumlipa fundi ufundi tu, hivyo gharama hupungua, lakini mzigo wa usimamizi huhamia kwa mwalimu mkuu na kamati za wananchi. Wewe kama mzazi unaweza kuuliza ni nani walio katika kamati ya mapokezi, mifuko mingapi ya saruji imeingia stoo na mingapi imetoka, na mhandisi wa halmashauri alikagua lini msingi kabla haujafukiwa.