Gia za Mkono au Otomatiki: Namna ya Kuchagua Unaponunua Gari la Zamani

Watu wengi wanaotaka kununua gari la zamani huniuliza kuhusu gia wakiwa tayari wamekwisha kujijibu: wanataka gia za mkono, na kilichobaki ni kumpata mtu wa kuwaunga mkono. Hoja zao nazijua, na kwa sehemu kubwa ni za kweli. Giaboksi ya mkono ni rahisi kuielewa, fundi makini anaweza kuifungua na kuona kwa macho kilichochakaa, na dereva mwenyewe hupata raha ya kushirikiana na gari badala ya kubebwa nalo. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kumiliki na kutunza magari ya aina zote mbili, msimamo wangu ni kwamba gari la zamani lichaguliwe likiwa na giaboksi inayoendana na injini yake, na kwamba hali ya giaboksi iliyomo ndani ya gari lile unaloliona mbele yako ina uzito kuliko aina yake.

Tuanze na injini. Injini kubwa ya silinda nane, yenye nguvu ya kuvuta ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini, haina haja ya kubadilishiwa gia kila mara, na magari mengi makubwa ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 yalisanifiwa kwa kutarajia kwamba wanunuzi walio wengi watachukua otomatiki. Ukilipata gari la namna hiyo likiwa na gia tatu za mkono na wenzo wake pembeni mwa usukani, utakuwa umepata kitu adimu, lakini sidhani kama utakuwa umepata gari linaloendesheka vizuri zaidi. Rolls-Royce ilianza kutumia otomatiki ya Hydra-Matic kwa leseni ya General Motors mwaka 1952, na hata Ferrari, ilipoleta modeli yake ya 400 mwaka 1976, iliiwekea giaboksi ya General Motors yenye gia tatu. Kampuni hizo hazikukosa uwezo wa kutengeneza gia za mkono. Ziliona kwamba gari zito la kusafiria, lenye injini yenye nguvu nyingi, linapendeza zaidi likiendeshwa kwa utulivu.

Kwa injini ndogo hali ni tofauti kabisa. Konveta ya otomatiki hupitisha nguvu kwa njia ya mafuta yanayozungushwa, na katika mzunguko huo sehemu ya nguvu hupotea na kuwa joto. Konveta nyingi za enzi zile hazikuwa na klachi ya kuifunga gari likishika mwendo, kwa hiyo hasara hiyo iliendelea safari nzima. Injini yenye nguvu nyingi huimudu hasara hiyo bila dereva kuigundua, ilhali injini ya lita moja na kidogo huihisi kwenye kila mlima. MGB iliuzwa pia ikiwa na otomatiki ya Borg-Warner kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na walioichagua walikuwa wachache. Nami nisingemshauri mtu kuitafuta, kwa sababu gari jepesi la wazi linapoteza sehemu kubwa ya utamu wake pale dereva anaponyimwa gia.

Ukishaamua kwamba otomatiki inalifaa gari unalolitaka, uliza ni otomatiki gani, kwa sababu zinatofautiana sana. Hydra-Matic ya kwanza, iliyotoka kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ilikuwa na gia nne. Dynaflow ya Buick ya mwaka 1948 ilitegemea konveta peke yake katika mwendo wa kawaida, kwa hiyo gari huondoka laini sana lakini taratibu. Powerglide ya Chevrolet, iliyoanza mwaka 1950, ina gia mbili tu, na ingawa ni ngumu kufa, inaacha pengo kubwa kati ya gia ya chini na ya juu. TorqueFlite ya Chrysler ilikuja mwaka 1956 ikiwa na gia tatu, ikafuatiwa na Turbo-Hydramatic 400 ya General Motors mwaka 1964, na hizi mbili ndizo ninazozipendekeza bila kusita: ni imara, mafundi wengi wa otomatiki wanazifahamu, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Mifumo ya katikati, yaani ile isiyo na pedali ya klachi ingawa dereva anachagua gia mwenyewe, kama ya Citroën DS ya mwaka 1955 au Sportomatic ya Porsche, ina uzuri wake, lakini usinunue kabla hujampata fundi aliyewahi kuitengeneza.

Otomatiki ya zamani inastahili kukaguliwa kwa subira, na hapa ndipo ninapowaona wanunuzi wakiharakisha. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Gari lililoegeshwa kwa wiki kadhaa mara nyingi huwa na konveta iliyomwaga mafuta yake chini, kwa hiyo usishtuke likichelewa kidogo kushika gia mara ya kwanza. Lipe gari muda, injini ikiunguruma na wenzo ukiwa kwenye paki au nutro, kisha ujaribu tena. Baada ya hapo, ukiingiza gia ya mbele au rivasi ukiwa umekanyaga breki, unapaswa kuisikia giaboksi ikishika ndani ya sekunde moja au mbili, bila kishindo. Ikiendelea kuchelewa hata baada ya kupata moto, shinikizo la mafuta haliko sawa, na sababu inaweza kuwa sili zilizokakamaa au pampu iliyochoka.

Kisha chomoa kijiti cha kupimia mafuta. Kwenye otomatiki nyingi za zamani kipimo husomwa injini ikiwa inaunguruma na giaboksi ikiwa na moto, lakini nafasi ya wenzo hutofautiana, kwa hiyo soma kitabu cha gari. Mafuta mekundu yasiyo na harufu kali ni dalili njema. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, jua kwamba klachi za ndani au mikanda yake imekuwa ikiteleza. Yakiwa na rangi ya waridi na yamekuwa kama maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yametoka kwenye rejeta, kwa kuwa magari mengi hupoza mafuta ya giaboksi ndani ya tangi la rejeta. Maji hayo huharibu bitana za klachi, kwa hiyo gharama ya kuifungua giaboksi nzima ihesabiwe kwenye bei.

Barabarani, endesha kwanza kwa kukanyaga aksileta kidogo na usikilize gia zinabadilika wapi, halafu ikanyage hadi mwisho uone kama giaboksi inashuka gia kama inavyotakiwa. Gia zikichelewa kubadilika, usikubali mara moja kuambiwa kwamba giaboksi imekufa. Otomatiki nyingi za zamani hupima mzigo wa injini kwa kutumia modiuleta inayoendeshwa na vakumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, kupitia kimpira chembamba kutoka kwenye injini. Mpira huo ukipasuka, gia huchelewa na kugonga. Kiwambo cha ndani ya modiuleta kikitoboka, injini huvuta mafuta ya giaboksi na kuyachoma, na hapo utaona moshi kwenye bomba na mafuta yanapungua bila tone hata moja chini ya gari. Niliwahi kununua gari la silinda sita ambalo gereji moja ilikuwa imeshalihukumu kwamba linahitaji giaboksi nyingine. Mpira wa vakumu ulikuwa umekauka na kupasuka pale unapoingia kwenye modiuleta. Ulipobadilishwa, pamoja na mafuta na chujio, gia zilirudi kubadilika vizuri na giaboksi ile iliendelea kufanya kazi kwa miaka yote niliyokuwa nalo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba nyaya, mipira na marekebisho ya nje vikaguliwe kabla ya mtu yeyote kugusa bolti za giaboksi.

Giaboksi ya mkono nayo isiaminiwe kwa sababu ya sifa tu. Cadillac ilileta sinkro, yaani pete zinazosawazisha mwendo wa gia ili ziingie bila kusagana, mwaka 1928, lakini kwa miongo mingi baadaye watengenezaji wengi hawakuiweka kwenye gia ya kwanza: Jaguar E-Type iliipata pamoja na injini ya lita 4.2 mwaka 1964, na MGB ilisubiri hadi mwishoni mwa mwaka 1967. Kwenye magari yaliyotangulia, gia ya kwanza huingizwa gari likiwa limesimama, au kwa kukanyaga klachi mara mbili: unatoa gia hadi nutro, unaachia klachi, unapandisha mizunguko ya injini kidogo, unakanyaga klachi tena ndipo unaingiza gia. Ni ustadi mzuri, na asiyekuwa tayari kujifunza ataila giaboksi ya watu. Sinkro iliyochoka hujitokeza mapema kwenye gia ya pili, hasa unaposhuka kutoka ya tatu. Gia inayochomoka unapoachia aksileta ni dalili mbaya zaidi. Kelele inayosikika gari likiwa kwenye nutro na kutoweka unapokanyaga klachi hutoka kwenye beringi za giaboksi. Ile inayoanza unapokanyaga hutoka kwenye beringi ya klachi.

Kuhusu oili, tafadhali usimwage chochote kilichoandikwa kuwa ni cha gia. Oili nyingi za daraja la GL-5 zina kemikali zinazoweza kudhuru shaba nyeusi ya pete za sinkro, na pia utelezi wake huzifanya pete hizo zishindwe kushika. Giaboksi nyingi za zamani zinataka GL-4, na nyingine, kama ya MGB, zinatumia oili ya injini.

Watu huniuliza pia kama inafaa kung'oa otomatiki na kuweka gia za mkono. Mara nyingi sishauri. Mbali na giaboksi yenyewe, utahitaji seti ya pedali, flaiwili, klachi na mfumo wake, beringi ya kwenye ncha ya krenki, propela ya urefu mwingine, na huenda difu ya uwiano mwingine; na mwishowe utakuwa na gari ambalo mnunuzi anayejali asili yake atalikwepa. Ovadraivu ya Laycock, yaani gia ya ziada ya mwendo mrefu, kwenye gari lililouzwa nayo zamani kama nyongeza ni jambo tofauti, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu hupunguza mizunguko ya injini safari ndefu bila kubadilisha tabia ya gari. Mwenye goti bovu, au anayetarajia kukaa kwenye foleni kila siku, asione vibaya kuchagua otomatiki: klachi za zamani ni nzito.

Mambo mawili ya usalama hayapewi nafasi ya kutosha. La kwanza ni miteremko. Otomatiki yenye gia mbili au tatu, ikiachwa kwenye gia ya juu, hulizuia gari kidogo sana, na breki za ngoma za zamani zikipata moto hupoteza nguvu. Kwa hiyo ingiza gia ya chini kwa wenzo kabla hujaanza kuteremka, wakati mwendo ungali mdogo. La pili ni kuvutwa gari likiharibika. Otomatiki za mwanzo zilikuwa na pampu ya nyuma iliyozungushwa na magurudumu, na baadhi yake ziliweza hata kuwashwa kwa kusukumwa. Nyingi za baadaye hazina pampu hiyo. TorqueFlite, kwa mfano, iliiacha kuanzia magari ya mwaka 1966. Gari kama hilo likivutwa magurudumu ya nyuma yakiwa chini na injini imezimwa, giaboksi huzunguka bila mafuta ya kuilainisha na huweza kuungua. Mwambie mwenye gari la kuvuta alibebe lote, au anyanyue nyuma, au propela ifunguliwe kwanza kwenye difu na kufungwa vizuri isiburuzike.