Mgombea akisema atakomesha kesi za ovyo, anasemea kesi gani?

SUALI: Assalaamu alaykum wakili. Mie niko Wete. Mtoto wa dada yangu yuko Texas, hunirushia klipu za wagombea wa kule wanasema watakomesha watu kushitakiana ovyo kwa tamaa ya fidia. Na huku kwetu pana mgombea ubunge katwambia akipita ataleta sheria kama hiyo. Mie jirani kanishitaki, ng'ombe wangu kaingia kwenye muhogo wake, anadai milioni 12, mwaka wa tatu huu na tarehe nyengine hata mwenyewe hatokei. Sheria hiyo itanifaa?

JIBU: Waalaykumu ssalaam yakhe. Nianze na huyo mgombea wenu maana hapo ndo pana kichekesho. Uendeshaji wa kesi za madai kwenye mahakama zetu za Zanzibar si jambo la Muungano, sheria yake inatungwa na Baraza la Wawakilishi, sasa mtu anaomba kura za kwenda Dodoma halafu anakuahidini kubadilisha mambo ya mahakama ya Wete, ama hajui ama anajua kuwa nyie hamjui. Mahakama ya Rufani ndo ya Muungano, na huko kesi ya muhogo Mungu asiifikishe.

Sasa hao wa Marekani. Kule wakili wa mdai mara nyingi halipwi kitu mpaka ashinde, akishinda anakata asilimia yake, na anaepima fidia ni raia wa kawaida walioitwa kukaa mahakamani, si jaji peke yake. Pia kwa kawaida kila mtu anamlipa wakili wake mwenyewe hata akishinda. Kwa hiyo mwenye kampuni au daktari anaona bora alipe yaishe. George W. Bush alipogombea ugavana wa Texas 1994 hii ilikuwa moja ya ajenda zake kubwa, na 1995 akasaini sheria za kubana fidia zile za kumkomoa mkosaji. Mwaka 2003 Texas hiyohiyo ikaweka kikomo cha dola 250,000 kwa daktari kwenye fidia ya maumivu na mateso katika kesi za matibabu. Uchaguzi wa urais wa 2004 ukanoga zaidi, maana mgombea mwenza wa John Kerry, mpinzani wa Bush, alikuwa John Edwards, wakili aliyepata jina kwa kesi hizohizo za majeruhi, basi upande wa Bush wakapata pa kusemea.

Wanaopinga nao wana lao, na mie khasa hapa niko nao kidogo. Mfano unaotajwa kila siku ni bibi wa miaka 79 aliyeungua na kahawa ya McDonald's mwaka 1992, watu wanacheka eti kapata mamilioni kwa kahawa moto. Hawasemi kuwa aliungua mpaka akapandikizwa ngozi, wala hawasemi kuwa ile karibu dola milioni 2.9 jaji aliikata ikabaki 640,000, na mwisho wakapatana nje. Kesi ikiitwa ya kipuuzi muulize kwanza anaeiita hivyo ni nani.

Na kinachonichekesha zaidi, mwaka 2011 gavana wa Texas, Rick Perry, alisaini sheria ya kumlipisha gharama anaeleta kesi isiyo na msingi, akaenda kujisifia nayo kwenye mbio za urais. Sisi kanuni ya aliyeshindwa kulipa gharama tunayo toka enzi za Muingereza, imo kwenye sheria yetu ya mwenendo wa madai, Sura ya 8, iliyofuata ile ya India ya 1908! Tatizo watu hawaiombi. Kesi inakwisha, mtu anashukuru Mungu anakwenda zake kupanda gari.

Kwa hiyo usimsubiri mgombea. Ile milioni 12 hebu isome vizuri kwenye hati ya madai. Hasara ya kuhesabika lazima itajwe kwa mchanganuo na ithibitishwe, mashina mangapi, bei gani sokoni, nani aliyahesabu, sheha aliitwa au hakuitwa. Kama kaandika "muhogo, milioni 12" basi hapo wakili wako ana kazi nyepesi. Ile fidia ya usumbufu anaipima hakimu mwenyewe, na kwa muhogo sidhani kama atakuwa mkarimu sana.

Na siku kesi imeitwa kusikilizwa, wewe upo na yeye hayupo, usikae kimya karani akakupa tarehe nyengine ukaitikia hewalla. Simama uombe kesi ifutwe kwa mdai kutofika, na uombe gharama hapohapo. Anaweza kuja kuomba irudishwe lakini itabidi aeleze sababu ya maana. Stakabadhi za nauli, za chakula cha mashahidi, za wakili, weka zote, hata ya gari ya 2,000.

Na huyo ng'ombe, tafadhali, mfunge kamba, maana akiingia tena hiyo kesi mpya mie simo.