Re: Kwa nini wauza chai wa stesheni za India hawaishi kwenda mahakamani?

Mkuu, umeuliza ugomvi ni wa nini wakati leseni wanazo. Ugomvi ni hesabu. Ada ya kibanda au toroli la jukwaani hutozwa kama asilimia ya mauzo ya mwaka, na kwa muda mrefu imekuwa 12. Sasa mauzo hayo anayakadiria nani? Shirika la reli lenyewe. Likikuandikia mauzo makubwa, unalipia chai ambayo hukuuza. Treni iliyokuwa ikisimama dakika tano ikibaki mbili, abiria anakunyoshea noti dirishani, hujamimina kikombe cha pili inaondoka. Ada haishuki. Machi 2020 treni za abiria zilisimama kabisa, ukazuka ugomvi mwingine wa nani abebe hasara.

Usichanganye na machinga wa barabarani. Sheria ya India ya 2014 ya kuwalinda wachuuzi wa mitaani imeiacha nje ardhi ya reli waziwazi, kwa hiyo wa stesheni wanashikilia mkataba wao na shirika, na pia Katiba. Hapo ndipo kesi ya 1985 ya mwandishi wa habari Olga Tellis inawasaidia: Mahakama ya Juu ilisema haki ya kuishi inabeba na riziki. Mwaka 2016 mahakama hiyohiyo iliwapa ushindi wachuuzi wadogo wa reli kuhusu kuhuishiwa leseni.

Lakini kwenye kiwango cha ada, majaji huwa wagumu. Uliweka saini mwenyewe, watakwambia.