Hukumu mkononi, pesa bado

*Nilikuwa nikipeleka pweza na samaki hoteli moja Nungwi. Mahakama imeamua kampuni inilipe. Mwenyewe anasema kampuni haina kitu, na huku anatembelea gari la fahari. Naweza kulikamata? – Mvuvi, Kaskazini Unguja*

Gari likiwa la jina lake, ndugu yangu, hapana. Kisheria, kampuni iliyosajiliwa ni mtu mbali na mwenye hisa. Msingi huo ulithibitishwa London mwaka 1896 katika kesi ya mfanyabiashara Salomon, na mahakama zetu zinaufuata. Inauma, najua, maana mkononi mwa yule bwana ndiko ulikopeleka samaki. Ila ikiwa alitia saini kulidhamini deni lako yeye binafsi, au aliitumia kampuni kufanyia ulaghai, mahakama inaweza kumfikia, kwa ushahidi. Kampuni kufilisika tu hakutoshi.

Kwanza itazame kampuni yenyewe. Magodoro, jenereta, boti ya watalii ni vya nani? Tafuta karatasi ya benki ya malipo yako ya mwisho: jina la akaunti iliyokutumia fedha ndilo la kuanzia unapoomba kukazia hukumu, yaani mahakama iitekeleze.

*Hukumu yangu imetaja jina la duka tu, na mwenye duka kafunga. – Darajani*

Wewe una nafuu kuliko mvuvi. Jina la biashara si kampuni. Duka likiwa la mtu mmoja, deni ni lake, na mali yake binafsi haiko mbali na hukumu. Wakiwa wabia, wanabeba pamoja. Chukua taarifa za usajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, kisha uiombe mahakama imtambue mwenye jina.

*Ninayemdai nimchukulie Vespa yake mpaka alipe?*

Usithubutu. Anayekamata mali ni aliyetumwa na mahakama, kwa hati. Ukichukua mwenyewe, kesho wewe ndiye mshitakiwa.

*Fundi ninayemdai anaapa hana hata shilingi, lakini namjua tajiri anayemjengea, na bado hajamlipa. – Chake Chake*

Hapo ndipo penye pesa. Omba mahakama imwamuru huyo tajiri azuie malipo ya fundi na ayaelekeze kwako. Omba pia fundi aitwe aulizwe mali zake chini ya kiapo; wengi hukumbuka akaunti walizozisahau. Usiombe mwiko wake na pima maji: zana za kumpatia riziki sheria inazikinga. Na uwahi, kabla tajiri hajamaliza kumlipa.